Jumatatu baba ananilipia ada ya uuguzi, moyo wangu uko kwenye bugobogobo

BintiWaIgoma, Jumatano usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina miaka 20, naishi Igoma hapa Mwanza. Naomba mnisome mpaka mwisho maana zimebaki siku nne tu.

Baba anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jumatatu anakwenda benki kunilipia laki saba, ada ya muhula wa kwanza chuo cha uuguzi. Matokeo yangu yanaruhusu, nina C ya Baiolojia na C ya Kemia, na ukoo mzima umeshaanza kuniita nesi. Bibi yangu kule Magu ameshanionyesha goti linalomsumbua.

Mimi nacheza bugobogobo tangu darasa la sita. Kwa wasioijua, ni ngoma ya majembe ya sisi Wasukuma, ilitoka shambani, watu wakilima pamoja kwa mdundo ili mkono usichoke. Unarusha jembe, linazunguka hewani, unalidaka kwa mpini na njuga miguuni zisipoteze mdundo. Nina kovu kwenye ugoko, nililidaka vibaya nikiwa na miaka 14, nikamwambia mama nimekatwa na bati. Jembe likiwa juu kabisa sisikii kelele za watu wala sikumbuki shida za nyumbani. Mwili wenyewe unajua litaangukia wapi. Hakuna kitu kingine nilichowahi kukifanya kikanipa hali ile, na darasani nilikuwa nafanya vizuri tu.

Mwalimu wa kikundi anataka nikasome TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Fomu ninayo, nimeiweka ndani ya daftari la Kemia.

Baba hajui kama bado nacheza. Alinikataza nilipomaliza kidato cha nne. Si mtu mkali, hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila babu alikuwa Mgalu, na baba kakulia humo. Wagika na Wagalu ni makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, mahasimu tangu zamani. Wagika na Wagalu wakishindana wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi, kwa hiyo kila upande unatafuta dawa. Baba anasema kila baada ya mavuno, msimu wa ngoma ukifika, waganga walikuwa hawakauki pale nyumbani na ng'ombe walikuwa wanatoka mmoja mmoja kuwalipa. Aliokoka, akahamia mjini. Akisikia njuga anakumbuka zizi la babu.

Nikubali chuo, nimalize, halafu ndiyo nicheze? Au niseme sasa? Na nikisema, naanzaje?

Mwanakisesa

Mwambie baba yako aje Bujora, huku Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya Ekaristi na ngoma. Padri David Clement, Mkanada, aliziingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma kanisani na ndiye aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale. Watu wanaandamana na maua na Ekaristi, halafu Wagika na Wagalu wanaingia uwanjani. Ngoma na Mungu wanakaa pamoja pale.

BintiWaIgoma

Asante kaka. Bulabo nimeshacheza mara mbili. Lakini sisi si Wakatoliki, na nikimtajia padri nitakuwa nimeongeza kesi nyingine juu ya ile ya kwanza.

MamaKulwa_Nyakato

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi mwaka wa kumi na moja, na nilikuwa mchezaji. Kila mtu atakwambia "soma kwanza, utacheza jioni." Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Zamu ni za asubuhi, jioni na usiku, na zinabadilika. Mazoezi ya kikundi ni saa kumi na moja jioni, wewe ndiyo unapokea wodi. Mwaka wa kwanza waliningoja. Mwaka wa pili nafasi yangu ya mbele alipewa mwingine, na walikuwa na haki. Kazi yangu naipenda, wala sijutii kuokoa maisha ya watu. Nisichotaka ni uende chuo ukiamini kwamba ngoma itakungoja mlangoni. Kama unachagua uuguzi, uchague kwa kuutaka. Wagonjwa wanamjua nesi aliyeletwa na baba yake.

Mhitimu_Bgm

Nimesoma TaSUBa. Usidhani utacheza bugobogobo tu. Utajifunza ngoma za makabila ambayo hujawahi kuyaona, utapiga ala, utaingia kwenye maigizo, na utaandika mitihani. Nilipotoka nilicheza kwenye hoteli za pwani, na wageni wakipungua hela nayo inakatika. Sasa nafundisha watoto, nalipa kodi ya nyumba, sina zaidi ya hapo. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, hurudi nyumbani kila ukijisikia. Ukienda, nenda na baraka za mzee. Mwenzetu mmoja alitoroka kwao, na kila simu ikiita alikuwa anaogopa kupokea.

Mzee wa Giza

Binti, nami niko Mwaloni, sitauliza baba yako ni nani. Wengine hapa hawajui laki saba ya dagaa inapatikanaje. Wavuvi wanatoka na taa usiku wa giza tu, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Giza likiisha ndiyo tunahesabu. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani, mzigo wote unageuka chakula cha kuku. Hela hiyo amekuwekea giza baada ya giza. Akishailipa chuoni, ukaacha, hairudi, na hapo ndipo utakapomuumiza kweli. Mwambie kabla ya Jumatatu. Usianze na ngoma, anza na hela yake.

BintiWaIgoma, Jumapili usiku

Nimemwambia. Nilimfuata leo saa kumi na mbili asubuhi, anashona magunia. Nikapiga magoti kama ninavyomwamkia siku zote, nikasema, "Baba, naomba usiende benki kesho, sitaki hela yako ipotee kwa ajili yangu." Ndipo nikamweleza yote, na kovu nikamwonyesha. Nikamwambia mganga hajawahi kunigusa wala sijawahi kupakwa dawa ya mtu.

Alikaa kimya mpaka gunia likaisha. Akauliza, "Jembe unalochezea umelitoa wapi?" Nikasema ni la bibi, alinipa mwenyewe. Hapo alisimama akaenda kunawa uso, akarudi akashika gunia jingine.

Akasema, "Giza linaanza Alhamisi. Tutaongea likiisha."

Benki haendi kesho. Giza likianza nitakwenda na mama kuanika dagaa, na fomu nimeitoa kwenye daftari, iko mezani.