Akwilejia kwa bustani yangu: ya zambarau au ya manjano?

Mpenda_Maua: Hamjambo, wanajukwaa. Mwisho wa mwezi naagiza mbegu za akwilejia, na fedha niliyotenga inatosha aina moja tu. Nachagua kati ya Aquilegia vulgaris ya Ulaya, yenye maua ya zambarau, na Aquilegia chrysantha ya manjano, ambayo asili yake ni kusini-magharibi mwa Marekani. Ipi itastawi?

Mama_wa_Molo: Ndugu yangu, hujatueleza unaishi wapi, udongo wako ukoje, wala kama una kivuli. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi wa Molo tumepita 2,400. Jibu haliwezi kuwa moja.

Mpenda_Maua: Niwie radhi, mama. Niko Nakuru mjini. Udongo ni wa majivu ya volkano, maji hayatuami, na kitalu hupata jua la asubuhi kisha kivuli cha mparachichi.

Jaduong_Kisumu: Usiharakishe. Mimi nilinunua vulgaris kwa muuzaji aliyeniahidi maua baada ya miezi mitatu. Mbegu za kwanza nilizifukia, hazikuota hata moja, kwa sababu zinahitaji mwanga. Za pili nilizihifadhi kwenye friji wiki nne ndani ya mchanga wenye unyevu, nikazitandaza juu ya udongo bila kuzifunika, na miche 11 ikatokea. Kosa langu likawa kuihamisha ikiwa imekwisha kukomaa: mzizi mkuu huenda chini sana, ukikatika mmea hufa, nami nikapoteza minane. Mitatu iliyobaki ilitoa majani miaka miwili bila ua. Iliniuma sana.

Mama_wa_Molo: Pole sana. Friji huamsha mbegu tu. Mmea wenyewe nao huhitaji majuma ya baridi ndipo uchanue, na Kisumu haina baridi hiyo. Hapa kwangu vulgaris huchanua kuanzia mwaka wa pili.

Bustani_Njoro: Kwa Nakuru ningechukua chrysantha, kwa kuwa huvumilia joto zaidi. Tena vulgaris huchavushana ovyo na aina nyingine, na miche yake haifanani na mama.

Mama_wa_Molo: Kutofanana huko ndiko ninakokupenda! Mimi kila msimu naachia mbegu zianguke zenyewe, kwa sababu mmea mmoja hudumu miaka michache tu.

Jaduong_Kisumu: Wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba mbegu na mizizi yake ina sumu.

Bustani_Njoro: Na kama unaagiza kutoka ng'ambo, je, umekwisha kuomba kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea?

Mpenda_Maua: Bado. Mama wa Molo, usiku wa Julai kwako baridi hufika nyuzi ngapi?