Muvi ya mpelelezi na mbwa kwa watoto: Turner & Hooch au K-9?

AchiengKondele: Habari zenu wadau. Jumamosi watoto wa dada yangu wanakuja Kisumu, mmoja miaka 8, mwingine 11, na wanapenda mbwa ajabu. Nimebaki na muvi mbili, zote za 1989: Turner & Hooch ya Tom Hanks na K-9 ya James Belushi. Mngewawekea ipi?

MzeeLanet: K-9 bila kufikiri. Jerry Lee ni mbwa wa polisi kamili, German Shepherd wa kunusa dawa za kulevya, ila anafanya kazi akitaka mwenyewe. Dooley, yule mpelelezi wa Belushi, anambembeleza hadi anachoka.

ShiruNakuru: Mzee, shikamoo, lakini K-9 ina utani wa watu wazima. Hata Marekani waliipa PG-13, yaani tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, hiyo nyingine PG tu, ya kutazama kwa ushauri wa mzazi. Na kwa kuchekesha, Hooch hana mpinzani. Turner, mpelelezi wa Hanks, ni mtu wa usafi kupindukia, halafu analetewa jibwa la udenda linalobomoa nyumba, na hawezi kulifukuza kwa sababu ndilo shahidi pekee wa mauaji ya mwenye mbwa. Hanks anavyoligombeza kama mtu mzima mwenzake! Hapo watoto hawahitaji hata DJ Afro, yule msimulizi wa muvi kwa Kiswahili, wa kuwatafsiria.

OtiLakeside: Dada Achieng, ngoja kwanza. Hooch anakufa mwishoni kwa kumkinga Turner. Jerry Lee naye anapigwa risasi, lakini anapona. Wapenda mbwa wa miaka 8 watakesha wakilia. Kwa nini usiweke Show Dogs ya 2018?

ShiruNakuru: Oti, hapana. Mle mbwa anaongea! Raha ya muvi hizi ni mpelelezi kuhangaika kumwelewa mnyama asiyesema neno. Akishaanza kuongea, huyo ni polisi wa pili tu mwenye manyoya.

MamaTumainiKakamega: Mimi wangu waliiona ya Hooch. Walilia, tukazungumza, kesho yake wakaiomba tena. Pia mwishoni kuna mtoto wa Hooch, naye mharibifu vilevile, kwa hiyo wanamaliza wakicheka. Ila huyo mdogo mwambie mapema.

MzeeLanet: Marahaba Shiru. Hilo la PG-13 nakubali. Lakini Jerry Lee bado ndiye mbwa bora.

AchiengKondele: Asanteni sana. Ni Hooch, saa nane mchana, wapate muda wa kutulia kabla ya kulala. Mama Tumaini, nitamweleza mdogo kabla hatujaanza. Mzee, K-9 nitaitazama na shemeji yenu watoto wakishalala.