Naomba ushauri: mti wa ukoo wa kirusi cha mafua ya ndege H5N8 cha Ziwa Victoria umenishinda

Habari zenu wakuu, hasa mlioko kwenye mifugo na maabara.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mafua ya ndege yaliyozuka Uganda Januari 2017. Buabua wenye mabawa meupe walikufa ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na bata na kuku wakaugua Masaka. Kirusi kilikuwa H5N8 cha tawi la 2.3.4.4b, na mwaka huohuo kikaonekana Kongo, upande wa Ituri. Nataka kujua kilifikaje: kwa ndege wahamao au kwa biashara ya kuku?

Nimechukua mifuatano ya jeni ya HA (ya protini ya juu ya kirusi inayokishikiza kwenye seli) kutoka GISAID, hifadhidata ya jeni za virusi, nikajenga mti wa ukoo wao kwa programu ya BEAST. Shida ni kwamba sampuli za Ulaya zimejaa, zetu za kuhesabika. Kila nikiendesha, chanzo kinatokea Ulaya, nami nahofia programu inanionyesha tu mahali palipopimwa sana. Nimepunguza za Ulaya kwa kubahatisha mara tatu. Kila mara njia ya kirusi inabadilika. Jambo hili linanikosesha usingizi, maana jibu la haraka litamtwisha lawama mfugaji asiyehusika.

Je, nipunguze sampuli kwa kigezo gani: nchi na mwezi, au aina ya ndege? Na HA peke yake inatosha, ilhali virusi hivi hubadilishana vipande vyao 8 vya jeni, au nijenge mti wa kila kipande?

Aliyewahi kukwama hapa anisaidie tafadhali. Natanguliza shukrani.