Naenda Malta na mama mwezi wa tisa, nyie mnaoishi huko mnapenda kwenda wapi?

Binti_Chumbageni:
Wadau habari za jioni. Mi naishi Ujerumani, mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga na nimeshakata tiketi za Malta, tarehe 5 mpaka 11 Septemba. Mtandaoni kila mtu anataja Blue Lagoon (ile ghuba ya maji ya buluu kisiwani Comino) na picha ni zilezile, kwahiyo naomba nisikie kwa mtu anayeishi hapo, siku huna kazi unaenda wapi? Mama ana miaka 64, kutembea anatembea ila magoti na ngazi haviivani, anaswali swala zote, halafu ni mtu wa pwani haswa, akiona chombo cha bahari lazima asimame aulize kimeundwaje. Gari hatukodi. Nisaidieni jamani, ni safari yake ya kwanza nje ya Afrika na nataka aifurahie.

Mkazi_wa_Msida:
Karibuni sana dada, na shikamoo zangu umfikishie mama. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa. Bahati yenu kubwa, tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya taifa, wanakumbuka kumalizika kwa mzingiro wa Waturuki wa mwaka 1565, na siku hiyo kuna mashindano ya makasia pale Grand Harbour, miji ya bandarini Birgu, Bormla, Senglea, Marsa na mingine wanashindana, kila mji na rangi zake, watu wazima wanalia kabisa mji wao ukishinda. Wahini mapema mkae ukingoni upande wa Birgu au Senglea, mama apate kivuli na pa kukaa.

Hata bila sikukuu, mi nikiwa sina kazi naenda upande huohuo. Napita Valletta, mji mkuu, kwanza, kwenye bustani ya Upper Barrakka, saa sita kamili mchana wanapiga mizinga (mwambie mama mapema asishtuke), halafu pale pana lifti inakushusha mpaka chini karibu na maji, kwahiyo magoti yake salama. Chini unapanda feri au dgħajsa, kiboti kidogo cha kuvukia, dakika chache uko ng'ambo. Ukifika Senglea nenda mpaka ncha kabisa ya mji, kuna bustani ndogo inaitwa Gardjola na kibanda cha mlinzi cha mawe kimechongwa jicho upande mmoja na sikio upande mwingine, maana yake mlinzi anaona na anasikia kila kinachoingia bandarini. Kaeni pale kwenye saa kumi na mbili jioni mtazame Valletta ng'ambo. Majumba yote ni ya jiwe la chokaa la hapahapa, mchana jeupe linaumiza macho, jua likishuka linageuka rangi ya kaimati iliyotoka kwenye mafuta saivi. Nimeangalia mara sijui ngapi na bado naenda.

Ila Valletta yenyewe mitaa mingi ni ngazi na miteremko, msiizunguke yote siku moja.

Mlamu_Gozo:
Salaam aleikum. Mie ni wa Lamu, niko Gozo kisiwa cha pili. Kwa ulivyomueleza mamako, Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, usikose, tena nenda siku ya kazi. Jumapili ndo soko kubwa na wote watakwambia nenda Jumapili lakini siku hiyo ni meza za nguo na mikoba na msongamano, mashua huzioni. Jumatatu asubuhi wavuvi wako pale wanashona nyavu na wewe waweza kusimama. Mashua zao zaitwa luzzu, zimepakwa manjano, nyekundu, kijani na buluu, na kwenye omo (mbele ya chombo) kila upande pana jicho, limechongwa na kupakwa rangi, lina mpaka nyusi. Siku ya kwanza kuliona nilisimama kimya, kwa maana jahazi zetu Lamu nazo zina macho, kile kiduara cha ubao cha omoni, na babu yangu alikuwa akisema chombo kisicho na macho hakijui kendako. Wazee wa hapa nao wakwambia jicho ni la kulinda chombo na mabaya. Mpige mamako picha pale.

Na mwezi wa tisa ni msimu wa lampuki, ambaye ni fulusi wetu. Wavuvi huweka makuti yaelee juu ya maji, samaki wanajikusanya chini ya kivuli, halafu wanazungusha nyavu. Muagize wa kukaanga, au ule mkate uliojazwa samaki na mchicha na zeituni.

Gozo ipe siku nzima na kama waweza lala huku. Kutoka Valletta kuna boti ya mwendo wa kasi, kama dakika 45, ni rahisi kuliko kupanda basi zaidi ya saa nzima mpaka Ċirkewwa ndo uvuke. Mahali pangu mie ni Xwejni, kuna mashamba ya chumvi yamechongwa kwenye mwamba ufuoni, mamia ya vijibwawa, maji ya bahari yanakauka kwa jua halafu watu wanafagia chumvi kwa ufagio wanaikusanya mafungu. Mtu wa Tanga aliyeona chumvi ikivunwa ataelewa kazi ile. Ġgantija pia, hekalu la mawe lililojengwa kama miaka 3600 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Misri. Wagozo husimulia lilijengwa na jitu la kike lililokuwa likibeba mawe huku limeeleka mtoto, na chakula chake maharage na asali tu.

Mkiona picha za lile dirisha kubwa la mwamba la Dwejra, lilianguka Machi 2017, halipo. Lakini Dwejra nendeni tu, mnapanda kiboti mnapita ndani ya pango mnatokea bahari kuu.

Binti_Chumbageni:
Nimemsomea mama yote, pale kwa babu na macho ya jahazi akaniambia rudia. Asanteni mno. Swala je? Na chakula? Lugha ikoje?

Mkazi_wa_Msida:
Msikiti uko Paola, na mji huohuo kuna Hypogeum, makaburi ya chini ya ardhi ya maelfu ya miaka. Wanaingiza watu 80 tu kwa siku kwahiyo buku leo leo, mi nilienda bila tiketi mara ya kwanza nikarudi nyumbani hivihivi na iliniuma sana. Ila kule ndani ni ngazi, pima na mama. Chakula, nguruwe na sungura ni vya kawaida sana hapa, na pastizzi (vitu kama sambusa ya unga wa tabaka, jibini au njegere ndani) uliza kwanza mafuta gani, wengine wanatumia ya nguruwe. Samaki ndo salama yenu.

Lugha mtacheka kwa furaha. Waarabu walitawala hapa tangu 870 mpaka Wanormani walipokuja 1091, na Kimalta kimebaki na mizizi ya Kiarabu. Bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja, tufaha ni tuffieħa. Sita, saba, tisa wanasema sitta, sebgħa, disgħa. Hamsini ni ħamsin, mia ni mija, elfu ni elf. Mama sokoni bei atazisikia mwenyewe.

Blue Lagoon mi nisingeenda, ni kujazana juani bila kivuli. Siku hiyo ipeni Mdina, mji mkongwe wenye kuta, jioni watalii wakishaondoka, hakuna magari mengi na mtaa ni tambarare, unasikia nyayo zako tu.

Binti_Chumbageni:
Basi Blue Lagoon nimefuta. Mama kashaanza kuhesabu kwa Kimalta hapa, na anauliza hao fulusi pale Marsaxlokk wanauzwa kwa kilo au samaki mzima?