Baba anakuja kutoka Voi: nimpeleke makumbusho ya Porsche au Mercedes?

BintiWaVoi
Wadau mlioko Ujerumani, hamjambo? Niko Mannheim, nasomea uuguzi. Baba anakuja mwezi ujao, mara yake ya kwanza Ulaya. Ni fundi wa magari wa miaka mingi, magoti sasa yanamsumbua. Makanisa ya kale hataki hata kuyasikia, anataka magari. Nina siku moja tu ya mapumziko, Jumatatu, nikampeleke Stuttgart. Shida ni kwamba mzee ni mtu wa Peugeot. Mwaka 1978 alikuwa kijana kando ya barabara Safari Rally ikipita, na hadi leo anasimulia jinsi 504 ya Jean-Pierre Nicolas ilivyoshinda, Vic Preston Jr na Porsche yake akawa wa pili. Naogopa atazunguka humo amenuna.

MtuWaTreni
Jumatatu futa, dada. Yote mawili hufungwa Jumatatu. Mimi nilifika mlangoni na wageni watatu, tukaishia kula soseji stesheni. Badilishana zamu na mwenzako. Tiketi za ICE, zile treni za kasi, achana nazo, chukua Baden-Württemberg-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo hili, ya watu wawili. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, na ni ya treni za kawaida tu. Mkifika Stuttgart pandeni treni ya mjini S6, mshuke Neuwirtshaus. Jengo la Porsche liko papo hapo, lile jeupe lililoinuliwa juu ya nguzo tatu.

Kibwana_S
Mimi nasema Mercedes. Mnapanda lifti hadi juu kabisa, mnaanzia gari la Benz la 1886, kisha mnateremka polepole hadi chini.

MtuWaTreni
Kibwana, mteremko wote huo kwa mtu wa magoti? Wewe hujawahi kuumwa goti.

Spana13
Kama ni fundi, Porsche, wala usijiulize mara mbili. Pale chini, kabla ya kupanda kwenye maonyesho, kuna karakana yenye ukuta wa kioo. Mnawaona mafundi wakishughulikia magari ya zamani. Mengi ya pale si mapambo, yanawaka na hutolewa kwenda kukimbia. Mjomba wangu, fundi pia, aliganda kwenye kile kioo hadi nikamtafutia kiti. Juu mtafuteni Porsche 356 ya kwanza, ya 1948. Vyuma vyake vingi ni vya Volkswagen, injini inapozwa kwa hewa, rejeta hakuna. Kama baba aliwahi kufungua Beetle, ataanza kukufundisha wewe. Gari la Safari usimwahidi, maana magari hubadilishwa mara kwa mara.

Kuhusu kununa: Porsche 911 ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt 1963 iliitwa 901. Peugeot wakalalamika kwamba namba zenye sifuri katikati ni zao, Porsche wakabadilisha. Kwa hiyo kila 911 mle ndani imebeba ushindi wa Peugeot. Mwambie hivyo kabla hamjafika.

BintiWaVoi
Asanteni sana. Zamu nimebadilisha, tunaenda Jumatano. Ya 901 nimemsimulia kwa simu, akacheka mpaka mama akamnyang'anya simu kuuliza kuna nini. Sasa ana swali moja: hao mafundi wa kwenye kioo wanaongeleshwa?

Spana13
Waulizeni mapokezi. Mjomba alitumia mikono tu, akawaonyesha jinsi yeye angeishika ile spana. Mmoja akamjibu kwa kidole gumba.