Mjadala: Muvi za sayansi za kitambo zashinda za sasa, ama ni sisi tu twalilia utoto?

Wa Kibokoni (mwenye kuanzisha)

Salaam aleikum wote. Swali ni hilo hapo juu na naomba tujibizane bila matusi. Nazungumzia muvi za maroketi, maroboti, madude kutoka sayari zingine, zile za kuanzia mwisho wa miaka ya sabini mpaka 1999 hivi. Vijana wa barazani kwetu wasema hazina lolote, ati ni za kuchekesha, na sisi watu wazima twazisifu kwa sababu tuliziona tukiwa na kaptura. Mimi nasema zashinda, na ntawaambia kwa kipimo gani, maanake bila kipimo tutapigiana kelele mpaka adhana ya alfajiri.

Kipimo changu ni kurudia. Mara ya kwanza muvi yoyote yaweza kukubeba, hujui nani afa nani apona, vitu vyalipuka, masauti, ukimaliza waridhika walala. Mara ya pili hizo hila zishakwisha, wamjua adui ni nani, wajua chombo kitalipuka saa ngapi, sasa kama bado wakaa pale mpaka mwisho basi hiyo muvi ina kitu ndani. Na miezi hii nimekuwa nikizirudia za zamani na za sasa, usiku watu wakishalala, na tofauti naiona.

Hebu chukueni Alien ya 1979. Lile dude laonekana kidogo sana, wallahi ukihesabu ni vipande vipande tu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya lile vazi mlikuwa na mtu, tena Muafrika mwenzetu, Mnigeria aitwaye Bolaji Badejo, alikuwa akisoma London, mrefu karibu futi saba na mwembamba, hakuwa ekta na ile ndiyo muvi yake pekee. Sasa mtu amevaa mpira ukimweka kwenye taa nyeupe dakika tano kila mtu ataona ni mtu amevaa mpira. Dairekta, Ridley Scott, ikambidi amfiche. Mara mkia, mara mdomo, mara kivuli juu ya ngazi, basi, na wewe kichwani mwako wamaliza kazi iliyobaki, na kichwa chako ndicho kinachokutisha. Leo dude lile lingetengenezwa kwa kompyuta, litembezwe mchana kweupe, liruke, lingurume kila dakika, na baada ya robo saa ushalizoea.

Ama Jurassic Park ya 1993, ambayo kila mtu adhani ni muvi ya kompyuta. Muvi ni zaidi ya saa mbili na dinosaria ukiwajumlisha wote ni kama dakika kumi na tano, na za kompyuta hazifiki nusu ya hizo. Yule mkubwa, T. rex, mpaka atoke ushakaa karibu saa nzima. Na sehemu kubwa ya ile usiku wa mvua ni dude la kweli la chuma na mpira, kazi ya Stan Winston, fundi wa madude, lilikuwa likinywa maji ya mvua lawa zito laanza kutetemeka mpaka walikaushe ndipo waendelee. Terminator ya pili, 1991, yule polisi wa chuma cha maji, dakika za kompyuta ni kama tano tu kwenye muvi nzima! Kila sekunde ilikuwa ni pesa nyingi kwa hivyo kila sekunde ilipewa mahali pake kwenye hadithi. Sasa nendeni kwa hizi za sikuizi, Avengers ile ya 2019 ina shoti za efekti zaidi ya elfu mbili. Elfu mbili. Nani akumbuka hata kumi?

Kwa hivyo sisemi watu wa zamani walikuwa na akili zaidi. Nasema walikosa, na kukosa kuliwalazimisha wafikiri. Haya, nipigeni.

Kijana wa Bamburi

Mzee Kibokoni heshima yako lakini hapo umetuchezea karata. Umechukua tatu bora kutoka miaka ishirini halafu umezipiganisha na moja ambayo hata sisi hatuisifu. Hivyo hata mimi nashinda.

Zamani kulikuwa na takataka za kumwaga. Star Wars ilipotoka 1977 na kupiga pesa kila mtu akakimbilia angani, Waitaliano wakatoa Starcrash 1978, Waturuki nao 1982 wakatoa ile yao ambayo walichukua vipande vya Star Wars yenyewe bila ruhusa wakavibandika nyuma ya stelingi wao akiwa ameketi anazungusha kichwa ati anaendesha chombo. Hizo mbona huzirudii usiku? Ni kwa sababu zilikufa na kilichobaki ni kile kizuri, sasa wewe waangalia kilichobaki wasema enzi ile yote ilikuwa nzuri. Miaka thelathini kutoka sasa wajukuu watatusifia sisi hivyo hivyo.

Na kitu kingine, hao watu wa zamani unaowasifu walikuwa hawajui wanachokiona. Blade Runner na The Thing zilitoka siku moja, 25 Juni 1982, na zote mbili zilianguka sokoni, watu walikuwa wamejazana kwa muvi ya E.T. Leo ukizitaja mtu avua kofia.

Za sasa ziko na watu hawazitafuti tu. Arrival ya 2016 haina vita karibu yoyote, ni mwanamke na lugha, mimi nimeirudia na mara ya pili ni muvi nyingine kabisa kwa sababu ushajua yale anayoyaona ni nini. Interstellar 2014, lile shimo jeusi walilichora kwa hesabu za Kip Thorne, mwanafizikia wa kweli, akaja akapata Nobel 2017 kwa kazi yake nyingine. District 9 ya 2009, Johannesburg hapo, kwa dola milioni 30, ikateuliwa Oscar nne ikiwemo ya picha bora. Na hii ya Godzilla ya Wajapani ya 2023, bajeti haifiki hata milioni 15 na ikabeba Oscar ya efekti mbele ya zile za mamia ya mamilioni. Si hao nao walikosa wakafikiri? Basi kwa kipimo chako mwenyewe kukosa hakuna enzi yake.

Wa Likoni

Nyote wawili mwasahau kwamba muvi yoyote DJ Afro akiitafsiri ni kali, ya zamani ya sasa haijalishi. Kuna muvi nilizipenda sana, nikaja kuziona bila yeye, kumbe ni upuuzi mtupu.

Ami wa Mji wa Kale

Wanangu, zama za sinema za Naaz na Regal sisi tulikuwa twaenda kutizama picha za Kihindi na za kareti, hayo ya anga yakija ni mara moja moja na watu walikuwa hawayataki, hayana nyimbo. Endeleeni.

Dada wa Tudor

Wa Likoni amefanya mzaha lakini ndiye aliyekaribia ukweli kuliko hao wengine: muvi ni vile ulivyooneshwa.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi, picha ndiyo nashinda nayo kutwa, na nawaambia nyinyi mwabishana juu ya muvi ambazo wengi wenu hamkuziona. Kaka Kibokoni, ile Alien uliyoiona kwanza uliiona wapi? Kwenye kaseti ya VHS, na si kaseti yenyewe ni kopi ya kopi, imekodishwa mtaa mzima, mistari yapanda na kushuka. Tena TV ilikuwa ya mraba. Muvi kama ile ilipigwa kwa fremu pana, upana zaidi ya mara mbili ya urefu wake, ili ijae kwenye TV ya mraba wakata pembeni, na ukikata unatupa karibu nusu ya picha. Karibu nusu! Mtu yuko kulia aongea na mtu yuko kushoto na wewe wamuona mmoja tu, ama waona pua mbili na ukuta katikati. Hicho ndicho kilicho kwenye kumbukumbu zako.

Na ukisema umeirudia, umerudia ipi? Blade Runner ina ya 1982 yenye sauti ya stelingi akisimulia, ina ya 1992 sauti imetolewa, ina ya 2007 ambayo Scott, dairekta wake, ndiyo aliyoimaliza atakavyo. Star Wars hizo za kwanza mwenyewe mtunzi wake, Lucas, alizirudia 1997 akaongeza madude ya kompyuta na akabadilisha vitu, na hizo ndizo zilizosambaa. Kwa hivyo mtu airudia "muvi ya 1977" kumbe aona efekti za 1997, na cha kuchekesha ni kwamba yale yaliyoongezwa ndiyo yaliyozeeka, vile vyombo vidogo vya plastiki vilivyopigwa na kamera bado vyaonekana vizito, vina vumbi, vina kutu.

Hapo sababu yake si mapenzi ya zamani, ni mwanga. Kitu cha kweli mbele ya kamera, hata kiwe kidogo kama kiberiti, mwanga wake ni wa kweli na kivuli chake ni cha kweli. Cha kompyuta mwanga wake lazima mtu aukisie, na akikisia kwa haraka kwa sababu tarehe ya kutoka imekaribia jicho lajua hata kama mdomo haujui kusema.

Vijana nanyi msicheke. Nyinyi mwatiliwa muvi kwenye flashi mtaani, faili imefinywa mpaka giza lote lawa vibokisi vibokisi vya kijivu, mwaangalia kwa simu ndani ya matatu halafu mwasema Blade Runner ya 2017 haina kitu. Ile muvi ilipata Oscar ya upigaji picha, Roger Deakins, na nyinyi mwaiona kwenye kioo cha kiganja jua likiwaka.

Na hakuna hata mmoja aliyetaja Pumzi. Muvi yetu ya Kenya, ya Wanuri Kahiu, 2009, dakika ishirini na kitu, ilikwenda tamasha la filamu la Sundance 2010. Dunia imebaki bila maji, watu waishi chini ya paa, hata jasho lakusanywa linywewe. Mtu wa Mombasa anayenunua maji kwa mtungi wa mkokoteni hiyo si sayansi ya kubuni sana. Niliirudia juzi, ndogo, haina pesa, na haijazeeka.

Wa Kibokoni

Dadangu wa Tudor umeniongezea hoja na huku wanipiga, lakini sawa. Hilo la mwanga ndilo nililokuwa nikilitafuta neno lake.

Sasa wewe kijana wa Bamburi wasema nimechagua zilizobaki. Haya, tuache kuchagua. Tuchukue hadithi ya aina moja, bara moja, dude moja. The Thing ya 1982 na The Thing ya 2011. Zote ni Antaktika, zote watu wamefungiwa kwenye theluji na kitu kinachojigeuza watu. Ya 1982 Rob Bottin, kijana wa miaka ishirini na kitu tu, alitengeneza karibu kila kitu kwa mikono, mpira, jeli, mpaka akalazwa kwa uchovu. Ya 2011 nayo walianza hivyo hivyo, kuna mafundi walitengeneza madude ya kweli kabisa yakapigwa picha, halafu ilipofika mwisho studio ikaona yaonekana ya kizamani ikayafunika karibu yote kwa kompyuta. Ziangalie zote mbili mfululizo halafu uniambie ipi yazeeka. Ya miaka arobaini na kitu bado yanifanya nitoe mguu chini ya meza, ya juzi yaonekana gemu. Hapo sijachagua bora dhidi ya mbovu, pesa ya 2011 ilikuwa zaidi na ujuzi upo, kilichokosekana ni mtu wa kusema basi, yatosha, tusiguse.

Na la pili, muvi za sasa hazikwishi. Terminator ya 1984, dola milioni 6.4, ilianza ikaisha, ukienda nyumbani hadithi umeishika mkononi. Sikuizi wakaa saa mbili na nusu halafu wapewa kidokezo cha muvi ijayo baada ya majina.

Kijana wa Bamburi

Mzee, Terminator iliisha mara ngapi? Iliisha 1984, ikaisha 1991, ikaisha 2003, 2009, 2015, 2019. Na nani aliyekuwa akilipa tikiti? Si sisi. Alien, Predator, Jurassic, yote hayo ni majina ya utoto wenu, studio zajua mtaenda tu hata wakiwapa nini, halafu mkitoka mwalaumu vijana kwamba hakuna kipya. Kipya kikija hamuendi. Hata Blade Runner ya 2017 haikurudisha pesa, na ilikuwa ya kuwafurahisha nyinyi.

Na hadithi moja miaka miwili hata mimi ninayo. Dune ya 1984 na Dune ya 2021. Kitabu kimoja, jangwa moja, minyoo ile ile. Ya kwanza, ya dairekta David Lynch, kila mtu anong'ona mawazo yake kichwani ili tuelewe, mwisho wakimbizwa kama ferry yawaacha, na Lynch mwenyewe aliikana. Ya 2021, ya dairekta Villeneuve, ikabeba Oscar sita. Irudie hiyo kwa kipimo chako, kwa TV kubwa, taa zimezimwa, si kwa simu kama dada alivyosema.

Wa Kibokoni

Nimeiona. Nzuri, sikatai, sauti yake yatikisa vikombe. Lakini iliishia katikati ya hadithi tukangoja mpaka 2024. Si nilisema hazikwishi?

Kijana wa Bamburi

Na Star Wars ya 1980 iliishia wapi, mzee? Stelingi mmoja kakatwa mkono, mwingine kagandishwa kabebwa, mkangoja mpaka 1983.

Ami wa Mji wa Kale

Hapo amekushika.