Sentrioli zilianzia wapi, na mbona mahindi hayana?

Njugu_mawe: Wakuu naombeni msaada, hili linanisumbua tangu juzi. Shule tulifundishwa sentrioli, vile vijimrija vifupi ndani ya seli, ndo zinapanga mikrotubuli (nyuzi nyembamba za protini) ili kromosomu zinazobeba DNA zivutwe pande mbili seli igawanyike. Sawa. Sasa nakuta mahindi, maharage, mwembe, vyote havina na vinakua vizuri tu. Wanyama walizipata baadaye au mimea ndo imezipoteza?

Dada_Hadubini: Mimea imezipoteza mdogo wangu. Babu wa viumbe wote wenye seli zenye kiini alikuwa nazo, maana ukichukua sentrioli ya binadamu na ya mwani wa bwawani unakuta umbo lilelile, mafungu 9 ya mikrotubuli tatu tatu yamezunguka duara, na protini ya SAS-6 inayosaidia kuipata hiyo tisa ni ya ukoo mmoja. Kazi yake ya asili ni kuotesha mkia wa kuogelea. Angalia kangaga, mbegu zake za kiume zinaogelea kwenye maji, basi anaunda sentrioli wakati huo tu. Hata saikadi na ginkgo, mimea ya kale isiyo na maua, mbegu za kiume zina mikia, waliziona Wajapani Ikeno na Hirase mwaka 1896, mi hiyo habari huwa inanisisimua kila nikiikumbuka. Mahindi mbegu ya kiume inapita kwenye mrija unaoota kutoka kwenye chavua, mkia wa nini tena?

Kinamasi: Mbona nilisoma sentrioli ni bakteria waliomezwa na seli zamani, kama mitokondria, vile vinavyoipa seli nishati?

Dada_Hadubini: Hiyo hoja ya mwanabiolojia Lynn Margulis kaka. Kwenye mitokondria alikuwa sahihi kabisa ila hapa hapana. 1989 wengine wakatangaza kuna DNA kwenye sentrioli, ikaja kupimwa upya ikaonekana iko ndani ya kiini.

Slaidi_nene: Naongezea, mimi nasoma slaidi za malaria kila siku. Kile kimelea kikiwa kwenye damu hakina sentrioli na kinazaliana balaa, ila dume likiingia tumboni mwa mbu linaunda mikia 8 ndani ya kama dakika 10 hadi 15, na sentrioli linaziunda upya kutoka sifuri.

Njugu_mawe: Daah. Sasa kwenye mahindi nani anapanga mikrotubuli?

Dada_Hadubini: Protini inaitwa gamma-tubulini. Hiyo ndo inayoanzisha mikrotubuli kwa wote, wanyama, hamira, mahindi. Kwetu nyingi imekusanyika kuzunguka sentrioli, kwa hamira imekaa kwenye kibamba kilichopachikwa ukutani mwa kiini, kwa mahindi imetawanyika, nyingine juu ya kiini nyingine pembeni mwa seli.

Njugu_mawe: Asante sana dada, leo nalala.